Vyuo vitatu vimenikubali: nitie sahihi wapi?

Sanduku la Wasomaji: Yaya, mkubwa wenu, anajibu barua zenu

SWALI

Yaya, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni asistanti, yaani mwalimu msaidizi, katika kitivo cha kilimo hapa Lubumbashi. Nina diploma ya injinia wa kilimo ya miaka mitano, na huu ni mwaka wa tatu nikiongoza kazi za vitendo za wanafunzi katika somo la udongo. Nia yangu ni kupata udaktari wa falsafa (PhD), kisha kurudi na kuwa profesa, nikichunguza mimea inayostahimili udongo wenye shaba nyingi kama ule wa Penga Penga hapa Lubumbashi, ambako moshi wa tanuru la shaba umeanguka juu ya ardhi kwa miongo mingi. Mwaka jana niliomba nafasi mahali kadhaa, na sasa nina majibu matatu mkononi.

La kwanza limetoka Ubelgiji: uzamili wa utaalamu wa mwaka mmoja, pamoja na burse (ufadhili) ya ushirikiano inayolipa nauli, minervali (karo ya chuo), bima na posho ya kila mwezi. Profesa wa huko, ambaye amekwisha kufika kwetu mara kadhaa, aliniambia kwa simu kwamba mwaka ukiisha “tutaona namna ya kuendelea na udaktari”. La pili limetoka katika chuo kikuu cha serikali katikati ya Marekani: udaktari moja kwa moja, miaka mitano, nikiwa asistanti wa utafiti, bila kulipa minervali, na malipo ya dola 2,100 kwa mwezi kwa miezi tisa ya kila mwaka. La tatu ni la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro: uzamili wa miaka miwili katika sayansi ya udongo. Huko nimekubaliwa, ila burse hakuna.

Baba anasema Ubelgiji, kwa kuwa tumesoma kwa Kifaransa na tuna jamaa Liège. Mjomba anasema Marekani haikataliwi. Mchumba wangu, ambaye familia yake imekwisha kuleta sehemu ya mahari, anapendelea Morogoro kwa sababu ataweza kunifikia kwa basi. Wamarekani wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, Wabelgiji wamenipa mpaka tarehe 30. Nimsikilize nani?

Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU

Mdogo wangu, hongera kwanza, maana kupata majibu kutoka mabara matatu huku unasahihisha kazi za wanafunzi usiku si jambo la kila siku. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona baraza lenu la nyumbani limepima kila kitu isipokuwa masomo yenyewe. Baba amepima lugha, mjomba amepima jina la nchi, mchumba amepima nauli. Shahada hakuna aliyeziweka mezani, nazo hazilingani hata kidogo: mbili ni za uzamili na moja ni ya udaktari, moja ina fedha za mwaka mmoja, ya pili ina fedha za miaka mitano zenye masharti, na ya tatu haina hata faranga. Kwa kuwa umesema wazi kwamba unataka udaktari na kurudi kufundisha, kila ofa iulizwe swali moja tu, nalo ni hili: itakufikisha kwenye udaktari huo kwa maandishi ya nani?

Tuanze na Ubelgiji, kwa kuwa ndiyo inayoonekana nyepesi. Uzamili wa utaalamu katika vyuo vya huko vinavyofundisha kwa Kifaransa ni wa krediti 60, yaani mwaka mmoja wa masomo, na hutolewa kwa mtu ambaye tayari ana masomo marefu nyuma yake. Ni mafunzo mazuri, nawe utarudi umezoea vyombo vya maabara ambavyo hapa tunavisoma vitabuni. Lakini mlango wa kawaida wa udaktari katika vyuo hivyo ni uzamili wa krediti 120, na mtu aliyetoka katika mfumo wetu wa zamani, ule wa miaka mitatu ya graduati na miwili ya lisansi, au wa miaka mitano ya uinjinia, faili lake hupimwa na jopo, ambalo linaweza kumkubali, kumkataa, au kumdai masomo ya nyongeza. Usihesabu basi kwamba mwaka huo mmoja peke yake umekwisha kukufungulia mlango.

Kuhusu ile “tutaona” ya kwenye simu, sisemi kwamba profesa anakudanganya. Mara nyingi profesa wa huko hana fedha za udaktari mkononi. Huandika mradi, mradi hushindanishwa na mingine, na ukishinda ndipo nafasi ya mwanafunzi inapopatikana. Mwandikie barua pepe ya adabu umwulize kama upo mradi uliokwisha kupewa fedha ambao ndani yake kuna nafasi ya udaktari wa kupokezana, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa Lubumbashi, na kama jopo la kitivo chake limewahi kumpokea injinia aliyetoka kwetu. Akijibu ndiyo kwa maandishi, hesabu yote inageuka. Akijibu kwa maneno mazuri yasiyo na tarehe wala jina la mradi, utajua kwamba ulichopewa ni mwaka mmoja wa masomo, basi. Usome pia mkataba wa burse kwa makini: burse za ushirikiano hutolewa kwa nia kwamba mwenye kuzipokea atarudi kwao mwaka ukiisha, kwa hiyo kubaki kule ukisubiri mradi si mpango wa kuutegemea.

Ofa ya Marekani inataka muda wako mwingi zaidi, kwa sababu ndiyo yenye vifungu vingi. Nimeomba uniletee nakala ya barua yenyewe nawe ukafanya hivyo, na jambo la kwanza nililoliona liko katika aya ya tatu, si katika ile ya pongezi: malipo yataendelea kila mwaka ikiwa maendeleo yako ni ya kuridhisha “na kadiri fedha zitakavyopatikana”. Maneno hayo usiyaogope, yako katika barua nyingi za aina hiyo. Hata hivyo, yana maana kwamba lazima ujue fedha zinatoka wapi. Asistanti wa kufundisha hulipwa na idara, ambayo mwaka ujao bado itakuwa na wanafunzi wa kufundishwa. Asistanti wa utafiti hulipwa na mradi wa profesa, na mradi una mwisho. Muulize profesa, bila kuzunguka, mradi wake unaisha mwaka gani, na kama ukiisha kabla yako, idara itakuchukua kama asistanti wa kufundisha. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko jina la chuo.

Sasa hesabu. Dola 2,100 mara miezi tisa ni dola 18,900. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili, kwa kuwa tumbo halina likizo, unabaki na 1,575 kwa mwezi. Vyuo vingi vya kule, hata vikisamehe minervali, bado hutoza ada ndogo ndogo kila muhula, na mara nyingine sehemu ya bima ya afya. Tena mshahara wa asistanti hukatwa kodi ya mapato. Ikiwa ada hizo ni, tuseme, dola 600 kwa muhula, umeshuka mpaka 1,475 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mtaa wetu hizo ni fedha za mtu mkubwa. Kwenye mji wa chuo wa Marekani zinamlipia mwanafunzi chumba cha kushirikiana na wenzake, chakula, na kidogo cha kutuma nyumbani, iwapo hana gari. Jambo la kuuliza ni miezi mitatu ya kiangazi: je, profesa ana fedha za kukulipa wakati huo? Mwenye viza ya mwanafunzi ya aina ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo, kwa hiyo usijiambie kwamba utajaziliza kwa vibarua vya mjini.

Kuna pia gharama za kabla ya safari, ambazo watu huzikumbuka wakiwa tayari wamesema ndiyo: dola 350 za mfumo wa usajili wa wanafunzi wa kigeni uitwao SEVIS, dola 185 za maombi ya viza, ndege ya kwenda Kinshasa kwa usaili ubalozini na kurudi, kisha nauli ya kwenda Marekani yenyewe na pango la mwezi wa kwanza, kwa maana mshahara hulipwa baada ya kazi. Burse ya Ubelgiji inakuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo. Iulize idara kama ina msaada wa kuwasili kwa wanafunzi wapya. Baadhi zinao, ila hazitangazi.

Baada ya fedha, tumtazame mtu. Utakaa chini ya promota, yaani profesa msimamizi, mmoja kwa miaka mitano, na promota mbaya hufuta faida zote nilizotaja. Omba majina ya wanafunzi wake wawili au watatu, mmoja awe amekwisha kumaliza, uzungumze nao kwa simu ya video profesa asiwepo. Waulize walichukua miaka mingapi, profesa hurudisha sura ya tasnifu baada ya muda gani, na wangapi walioanza nao hawakumaliza na kwa nini. Mwanafunzi anayeanza kupima maneno yake kwenye swali la tatu amekwisha kukujibu. Ujue vilevile kwamba udaktari wa Marekani huanza na masomo ya darasani, aghalabu miaka miwili, ukifuatwa na mtihani mkubwa. Asiyeupita mara nyingi hutoka na uzamili peke yake. Wewe ambaye Kiingereza chako umekipata kwenye masomo ya jioni utaona mwaka wa kwanza ni mgumu, ingawa kazi ya utafiti itakuondolea aibu ya kusimama mbele ya darasa la vijana wa kule kabla hujawa tayari.

Kuna jambo ambalo halimo katika barua yako, nami nashangaa halimo. Unataka kuchunguza udongo wa shaba wa Katanga. Nchi yetu ina mimea ambayo wataalamu wa dunia nzima huijia hapa, kama ule mmea mdogo wenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambao watafutaji wa madini waliutumia kama alama ya shaba. Tanuru la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kuna viwanja Penga Penga vinavyobaki uchi huku jirani zake vina majani. Je, profesa wa Marekani atakuacha ufanye kazi juu ya udongo huo, au atakupa udongo wa mgodi wa kwao kwa sababu mradi wake unasema hivyo? Udongo wa kigeni hauingii Marekani bila kibali cha Wizara ya Kilimo ya huko, na maabara hulazimika kuutunza na kuutupa kwa masharti. Muulize kama maabara yake inacho kibali hicho, au kama atalipia uje kufanya vipimo hapa. Profesa ambaye amewahi kupokea sampuli kutoka nchi za mbali atakujibu kwa sentensi mbili. Asiyejua unachozungumzia atakuwa amekuonyesha kwamba Katanga yako haimo katika mipango yake, na hapo Ubelgiji, ambako vitivo kadhaa vimefanya kazi na Lubumbashi juu ya mimea hii kwa miaka mingi, inapanda juu tena.

Morogoro nitaipita haraka, ingawa si kwa dharau. Ni chuo cha kilimo chenye heshima, kimesimama kwa jina lake la sasa tangu 1984, na kipo juu ya barabara ile ile ambayo malori yetu hupita kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam. Mchumba wako ana haki kuhusu basi. Lakini kukubaliwa bila burse ni ruhusa ya kulipa. Uliza kwa maandishi kama nafasi yako inaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja, na kama wewe, raia wa nchi iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, utatozwa kiwango cha wanachama au cha wageni. Kisha iweke ofa hiyo pembeni. Usikope fedha za familia kwa ajili ya uzamili wakati unao udaktari unaolipwa.

Kabla ya kumjibu yeyote, nenda kwa mkuu wa idara yako, halafu kwa rekta, upate ruhusa ya masomo iliyotiwa sahihi na kupigwa muhuri, yenye namba yako ya utumishi. Mnawajua wenzenu waliosubiri miaka kuingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Kuondoka kwa salamu za mdomo, ukitegemea kwamba wakubwa wanakupenda, ni kuacha kiti chako kwa mwingine. Ikiwa utapewa udaktari wa kupokezana, karatasi hiyo itaje pia miezi ambayo hutapewa masomo ya kuongoza. Pasipo hivyo, miezi yako ya Lubumbashi italiwa na kazi za vitendo na mitihani, na udaktari wa miaka minne utakuwa wa miaka saba.

Mchumba wako anastahili kuelezwa ukweli mmoja: mkifunga ndoa na akakufuata Marekani, viza ya mwenzi wa mwanafunzi, F-2, haimruhusu kufanya kazi. Mwanamume mwenye kazi yake hapa alijue hilo mapema, si siku ya kuwasili. Zaidi ya hapo ni mazungumzo yenu wawili, nami sitajitia kati.

Umetaka kauli yangu, nami naitoa. Ikiwa profesa wa Marekani atajibu vizuri kuhusu mwisho wa mradi, kiangazi na udongo, na wanafunzi wake wakazungumza kwa uhuru, tia sahihi huko kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa sababu ni ofa pekee ambayo udaktari umo ndani ya barua. Ikiwa mawili kati ya hayo yatakosa jibu, kubali Ubelgiji, ukiichukua kama mwaka mmoja wa mafunzo na njia ya kujulikana, na urudi ukiwa na namba yako ya utumishi salama. Na ikiwa Mbelgiji ataleta mradi wenye jina na fedha, basi mimi ningemchagua yeye mbele ya Mmarekani, kwa kuwa kazi yako iko Penga Penga. Mjomba atanuna. Hatakuwa yeye maabarani saa nne za usiku.

SWALI

Yaya, mwezi wa tatu nilikubali ofa yenye malipo kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Juzi chuo kingine cha huko huko, ambacho nilikitaka zaidi, kimenipa nafasi nzuri kuliko hiyo. Je, naweza kujiondoa kwenye cha kwanza, au nimekwisha kujifunga?

Msomaji wa Kampemba

JIBU

Ndugu, ile tarehe ya 15 Aprili unayoiona katika barua za vyuo vya Marekani inatokana na makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili la huko, ambayo vyuo vingi vimeyatilia sahihi. Yanahusu ofa zenye msaada wa fedha. Mwanafunzi halazimishwi kujibu kabla ya tarehe hiyo, na aliyekubali mapema anaweza kujiondoa kwa maandishi mpaka tarehe hiyo ifike. Angalia kama chuo chako cha kwanza kimo katika orodha ya waliotia sahihi, kisha andika leo hii, kwa aya mbili fupi: shukrani, na kwamba unaiachia nafasi. Usingoje siku ya mwisho, kwa sababu kuna mtu kwenye orodha ya wanaosubiri. Tarehe ikiwa imepita, kiandikie kwanza chuo ulichokubali na umalizane nacho, ndipo ukubali kwingine. Usikubali vyuo viwili kwa pamoja ukitumaini kwamba havitajuana; maprofesa wa fani moja hukutana katika mikutano ile ile. Makubaliano hayo hayavifungi vyuo vya Ulaya wala vya Afrika, ambavyo kila kimoja kina tarehe zake.

SWALI

Mimi ni mzazi. Kijana wangu amemaliza lisansi, na wakala mmoja amemletea barua ya kukubaliwa uzamili nchi za nje. Anadai tutume dola 1,500 kwa simu, upesi, ili nafasi isipotee. Tunafikiria kuuza parseli (kiwanja) moja. Je, vyuo hudai fedha namna hiyo?

Baba wa watoto sita, Ruashi

JIBU

Baba, vipo vyuo vya kweli vinavyodai malipo ya kushika nafasi. Vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, humtaka mwanafunzi wa kigeni atoe sehemu ya karo kabla ya kumpa hati ya kuombea viza. Lakini fedha hizo hulipwa kwa chuo chenyewe, kupitia akaunti ya chuo au ukurasa wake wa malipo, kwa jina na namba ya mwanafunzi, na risiti hutoka chuoni. Hazitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Kijana wako na aitafute anwani ya ofisi ya udahili kwenye ukurasa wa chuo wenyewe, wala si ile iliyoandikwa na wakala, aandike kuuliza mambo matatu: kama barua hii imetoka kwao, namba ya faili lake ni ipi, na kama wanamtambua wakala huyo. Ofisi za namna hiyo huzoea kuulizwa hivyo na hazichukii. Wakala mkweli atakungojea mpaka jibu lifike; anayekuhimiza ulipe kabla ya jioni usimpe fedha, na parseli usiitangaze.